Andika Kwamba Niliuza Injera

Binyam alipofuta ule mstari nilikuwa namwangalia. Asije mtu akaniambia kidole kiliteleza. Alikiweka kwenye kitufe, akabonyeza, akakiacha palepale, na miaka mitatu ya maisha yangu ikaliwa herufi kwa herufi, kutoka mwisho kwenda mwanzo, mpaka pakabaki peupe.

"Umefanya nini, Bini?"

"Nimesafisha."

"Kwani kulikuwa na uchafu gani?"

Aliisukuma kompyuta yake pembeni, akavuta sinia la injera, ile mikate yetu mipana ya nafaka ya tefu, katikati yetu, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja ambalo siku nyingine lingenimaliza kabisa. Siku hiyo halikunimaliza. Lilinikera.

Tulikuwa kwenye kimgahawa chetu cha mtaa wa Arat Kilo, ng'ambo ya mbao za matangazo ya kazi, pale ambapo kila mchana vijana wenye digrii husimama wameinua shingo kusoma nani anatafutwa. Nami nilikuwa nimesimama pale muda mrefu kiasi kwamba wauza magazeti walinizoea. Sasa nilikuwa nimepata tangazo ambalo liliniita kwa jina. Hoteli kubwa ya mtaa wa Kazanchis ilitaka msimamizi wa stoo na manunuzi ya jikoni. Walitaka digrii ya uhasibu, uzoefu wa miaka mitatu, na barua ya mdhamini mwenye mshahara wake. Karatasi zote zifike Jumatatu.

Mdhamini kwetu si mchezo. Ni mtu anayesaini kwamba ukiiba, ukipoteza au ukitoroka, wakate mshahara wake yeye. Ndugu wa damu hukimbia wakisikia neno hilo. Binyam hakukimbia. Aliniambia mwenyewe, bila kuombwa, "Mdhamini wako ni mimi." Alikuwa na kazi nzuri ya bima na moyo mzuri kuliko kazi yake. Nilimpenda, na niseme wazi hapa hapa, ili huko mbele msije mkadhani nilikuwa natafuta sababu ya kuachana naye.

"Rudisha ule mstari," nikasema.

"Mahlet, mrembo wangu, nisikilize. Sivii inatakiwa iwe fupi, safi, inaeleweka. Mwajiri anaishika, anaipitia, anaiweka. Hana muda wa hadithi. Ukimwekea injera pale katikati ya digrii na kompyuta, atacheka aite na wenzake."

"Acheke. Akimaliza kucheka asome."

"Na ukiulizwa miaka mitatu yote ulikuwa wapi?"

"Si ndiyo nilikuwa nimejibu pale, wewe ukafuta!"

Mstari wenyewe haukuwa na urembo wowote. Uliandikwa, "Niliuza injera," halafu miaka. Lakini ulikuwa wa kweli. Nilikuwa ndiyo kwanza nimevua joho la chuo, picha yangu ya mahafali haijapata hata msumari wa kutundikia, baba akapooza upande mmoja. Mama akawa hawezi kubanduka kando ya kitanda cha baba, kumgeuza, kumlisha, kumfuta. Nyumba ikabaki inanitazama mimi. Nikavua viatu vya kisigino, nikaingia kwenye kibanda cha uani, nikawasha moto chini ya kikaango cha udongo. Mwanzoni injera zangu zilikuwa nzito hata mbwa wa jirani alizikataa. Baadaye nusu ya migahawa ya Arat Kilo ilikuwa inakula mkono wangu, na kibandani kuna wanawake wengine wanaooka kwa zamu. Baba alipoweza kusimama kwa fimbo niliwaachia wale wanawake biashara yao, nikarudi kutafuta kazi niliyoisomea.

Na Binyam mwenyewe nilimpata humo humo. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa naingia asubuhi kwenye mgahawa huu huu, mzigo wa injera mgongoni, nanuka moshi, na kijana mmoja mwenye tai akainua kichwa kwenye sahani yake akasema, "Kumbe wewe ndiye unayenichelewesha kazini kila siku?" Hapo hapo nikajua nimepatikana.

Sasa kijana huyo huyo alikuwa anafungua mkoba wake na kutoa bahasha.

"Nimekuletea kitu," akasema. "Usikasirike kabla hujasoma."

Nikasoma. Ilikuwa barua ya uzoefu wa kazi. Ilithibitisha kwamba Mahlet Tessema alikuwa mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya Ato Girma, yaani Bwana Girma, kwa miaka mitatu, akiwa na nidhamu na bidii. Chini kulikuwa na muhuri wa duara wa zambarau, mkubwa, umekaa vizuri. Kwetu karatasi isiyo na muhuri wa duara ni ya kufungia karanga.

"Ato Girma ni mjomba wako anayeuza matairi," nikasema.

"Ndiye."

"Mimi nimewahi kukanyaga duka la matairi?"

"Mahlet, kila mtu anafanya hivi. Nusu ya wale waliosimama pale nje wana barua za wajomba."

"Wakiniuliza tairi la lori linauzwaje?"

"Hawatauliza."

"Wakiuliza?"

"Sema ulikuwa ofisini, hukuwa unashika matairi."

Nikaiweka barua mezani, mbali na mchuzi, maana hata kwenye hasira mimi ni mtu wa karatasi.

"Bini. Hii ni akili ya nani?"

Akaanza kunyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka.

"Ya mama yako," nikamsaidia.

"Mama anatutakia mema. Jumapili wazee wanakuja kwenu kukuposa, na mzee wetu, Gashe Worku, ndiye msemaji. Ameshaelekezwa aseme wanaomba binti mhasibu, mfanyakazi wa kampuni. Mama anataka karatasi zako zifanane na maneno ya wazee, basi. Halafu kuna lile la udhamini..."

"Lina nini?"

"Amesema nikisaini kwenye karatasi zenye habari za injera, nisahau kwamba nina mama. Anasema jina la marehemu baba halitakaa ukurasa mmoja na..."

"Na nini? Malizia."

Binyam alifanya kile ambacho wanaume wa kwetu hufanya wakiishiwa maneno. Alichana kipande cha injera, akachota mchuzi wa nyama palipo na nyama, akakunja tonge zuri kwa vidole vyake, akalisogeza mdomoni kwangu. Tonge la mkono wa mpenzi halikataliwi. Mtu akishiba hulipokea, akiwa na jino bovu hulipokea, wakwe waliogombana miaka na miaka hupatana kwa tonge moja.

Nikafunga mdomo.

Mkono wake ukabaki hewani. Wanawake wawili wa meza ya jirani wakaacha kula. Binyam alinitazama kwa macho yale makubwa, na niliona yanaingiwa na maji, na Mungu ananijua, nilitaka kufungua mdomo kuliko nilivyotaka ile kazi.

"Mahlet, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Mama yako ametaka majina ya mababu zangu saba, kuhakikisha mimi na wewe si ndugu. Tumempa, wote saba, hakuna aliyekosekana. Mababu wote wamepita salama. Mimi mwenyewe ndiye nimezuiwa mlangoni."

"Hakuna aliyekuzuia."

"Umenifuta, Bini. Nimekuona."

Nikachomoa flashi yangu kwenye kompyuta yake, nikasimama. Akanishika mkono, pale kwenye kifundo, na kidole gumba chake kikatua kwenye kovu la moto nililopata siku ya kwanza kwenye kikaango. Kilikuwa na mazoea ya kutua hapo. Alikuwa akilipapasa lile kovu hata tukiwa kanisani, bila kujua anachofanya.

"Na hapo pia pafute," nikamwambia. "Picha ya pasipoti haionyeshi mkono, kwa hiyo mama yako asihofu."

Nikatoka. Nililia mpaka nyumbani, lakini kichwa nilikuwa nimekiinua.

*

Jumamosi mchana nilikaa sebuleni na karatasi tupu. Baba, Ato Tessema, karani wa posta mstaafu, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, fimbo katikati ya magoti. Mama alikuwa sakafuni anachambua dengu kwa ajili ya wageni wa kesho. Nilikuwa nimewasimulia yote, hadi barua ya matairi. Simu ilikuwa inalia, inanyamaza, inalia.

"Ni yeye?" mama akauliza.

"Ni yeye."

"Pokea basi, mwanangu. Hasira nusu saa inatosha."

Sikupokea. Akatuma ujumbe. "Nakupenda. Kesho tusiharibu." Niliusoma mara nyingi kuliko ulivyostahili, nikaigeuza simu kifudifudi.

"Hebu nisomee ulichoandika," baba akasema. Maneno yake bado yalikuwa yanatoka upande mmoja, taratibu, lakini yalikuwa yametimia.

"Niliuza injera."

"Halafu?"

"Ndiyo hivyo tu, baba. Ndicho nilichofanya."

Akagonga fimbo sakafuni. "Hata mtu aliyekaa barabarani na injera mbili kwenye ungo anaweza kuandika hivyo! Huyo bwana wa hoteli atajuaje tofauti yako na yeye? Mimi nilikuwa nimelala pale chumbani, dirisha linatazama kibanda. Sikuweza kusema, lakini masikio hayakupooza. Nikuambie ulikuwa unafanya nini?"

Mama akaacha dengu.

"Nilikusikia na yule mwuza tefu aliyekuchanganyia unga na mtama. Ulimfungulia gunia mbele ya macho yake, akalichukua mwenyewe kulirudisha dukani kwake, na nauli akalipa yeye. Andika: nilinunua tefu kwa jumla, nikakagua ubora. Nilikusikia ukipanga nani aoke lini, nani ana mtoto mgonjwa apumzike, nani apeleke mzigo wapi. Andika. Nilikusikia wiki ile ya mvua kubwa kuni zote zimelowa, ukaenda kuomba vikaango vya umeme kwa majirani, nyumba hadi nyumba, na hakuna mgahawa uliokosa injera. Andika! Hiyo ndiyo stoo. Hayo ndiyo manunuzi. Wewe unaandika 'niliuza injera' kama mtu anayeomba radhi."

Kalamu yangu ilikuwa inakimbia. Mama naye akaingilia.

"Na Aberash je? Alikuja hajui hata kuchochea moto. Leo ana vikaango vyake na wasichana wake. Umemwandika?"

"Namwandikaje, mama?"

"Niliwafundisha kazi wengine, wakajitegemea," baba akasema. "Na maneno ya sifa usiweke. Usiseme una bidii. Sema ulichofanya, mtu mwenye akili ataiona bidii mwenyewe."

Tukaandika hivyo mpaka dengu zikasahaulika. Nilipanga upya kila kitu. Mambo ya injera, ambayo awali niliyabana kati ya chuo na kompyuta kama mtu anayepitisha mzigo wa magendo, nikayapandisha juu kabisa, chini tu ya jina langu na la baba na la babu, kwa sababu hoteli haikuwa inatafuta picha ya mahafali. Ilitafuta mtu anayejua gunia likipungua. Nikamweka Aberash na mwenye mgahawa wa Arat Kilo kuwa watu wa kuulizwa habari zangu, na namba zao za simu. Ukurasa mmoja, haukuzidi.

Baba akauomba, akausoma polepole, midomo ikicheza.

"Mimi ndiye niliyewaambia watu wa kanisani kwamba uko masomoni," akasema bila kuinua macho. "Nilipopata kusema, kila Jumapili walipokuja kunitazama waliniuliza, kila Jumapili nikawadanganya."

"Najua, baba."

"Sikukuonea haya wewe. Nilijionea haya mimi. Mwanaume mzima nalishwa na moshi wa binti yangu." Akanirudishia karatasi. "Ipige chapa vizuri. Na mtu yeyote akija na barua ya matairi nyumba hii, atapigwa na fimbo."

Nikambusu magoti, na mama akafuta macho akisingizia vumbi la dengu.

*

Wazee walifika Jumapili baada ya ibada, watatu, mashuka meupe mabegani. Mama alikuwa ametandaza majani mabichi sakafuni, ubani unafuka, buni zimeshakaangwa. Wakasalimia, wakasifu nyumba, na hawakukaa. Kwetu mwombaji wa mke hakai. Atasimama hata magoti yawake moto, mpaka wenye nyumba wamtamkie akae, na akitamkiwa akae, basi amepewa.

Mwenye kuombwa naye haonekani. Nilikuwa jikoni nyuma ya pazia, nimevaa gauni jeupe la pindo la kijani, na karatasi yangu imekunjwa mkononi. Binyam, kwa desturi, hakupaswa hata kukaribia. Lakini nilikuwa nimechungulia dirishani, nikaliona gari lake limeegeshwa kwenye kona ya kanisa, na ndani yake vichwa viwili. Kimoja kilikuwa na kilemba cha Weyzero Almaz, yaani Bibi Almaz, mama yake.

Gashe Worku alikohoa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Ato Tessema, Weyzero Zenebech, amani ya nyumba hii. Tumekuja tukiwa waombaji. Tuna kijana, Binyam Alemu, mnamfahamu. Nanyi mna binti, Mahlet, mhasibu wa kampuni ya..."

Nikasogeza pazia.

Mama akaninasa pindo la gauni. "We mtoto! Leo msichana haonekani!"

"Leo ataonekana, mama."

Nikaenda mpaka katikati ya sebule, miguu juu ya majani, nikainama kwa heshima zote nilizofundishwa.

"Gashe Worku, nisamehe. Huyo unayemwomba nyumba hii hayupo. Labda ujaribu kwa jirani."

Mzee wa pembeni akaficha kicheko ndani ya shuka. Baba alikuwa anatazama fimbo yake, na nilijua anazuia tabasamu.

"Binti," Gashe Worku akasema taratibu, "nimeomba wake nyumba nyingi. Sijawahi kujibiwa na mwombwaji mwenyewe."

"Hujawahi kuniomba mimi. Tafadhali soma hii, kwa sauti. Nimeiandika kwa ajili ya hoteli, lakini naona na nyinyi inawahusu."

Akaipokea. Akatafuta miwani, akaivaa, akasoma. Jina langu, la baba, la babu. Halafu nyumba nzima ikasikia, kwa sauti ile ile ya kuombea wake, kwamba nilianzisha na kusimamia uokaji wa injera uani kwetu, kwamba nilinunua tefu na kuikagua, kwamba nilipanga zamu na kulipa wafanyakazi, kwamba hata mvua haikuzuia mzigo kufika. Alipofika kwa Aberash akasimama, akarudia mstari ule peke yake, kimyakimya. Mama alikuwa amesimama wima mlangoni pa jikoni, na sijawahi kumwona amenyooka vile.

Gashe Worku akavua miwani.

"Maneno mazuri. Lakini mjumbe hajiongezei, binti. Nimetumwa niseme mhasibu wa kampuni."

"Nani amekutuma?"

"Weyzero Almaz."

"Kwani ndiye anayeoa?"

"Mahlet!" baba akasema, lakini si kwa nguvu sana.

"Muulize anayeoa, Gashe. Yuko pale kona, mnajua na mimi najua. Akisema anamtaka mhasibu wa matairi, mwende salama, kahawa tutakunywa wenyewe."

Wale wazee wawili wakamtazama mwenzao. Gashe Worku akavuta pumzi, akatoa simu ndani ya shuka, akaipiga, na kwa kuwa masikio yake hayakuwa mazuri, akaiweka sauti ya nje.

"Bini, mwanangu."

"Gashe! Wamewakalisha?"

"Hawajatukalisha. Nataka kukuuliza kitu. Umetutuma kumwomba nani?"

"Mahlet. Kuna nini?"

"Mahlet yupi? Huku kuna wawili. Mmoja yuko kwenye maneno tuliyopewa na mama yako. Mwingine amesimama mbele yangu na karatasi, anasema alikuwa anauza injera."

Sauti ya mwanamke ikapasua simuni, kali, karibu kabisa. "Mhasibu! Mwambie mhasibu! Huyo binti ana kiburi, Worku, nilisema tangu mwanzo! Sisi hatuwezi kwenda kwa watu tukasema tunaleta mwoka injera!"

Nilisimama pale. Nilikuwa nimejiambia usiku kucha kwamba niko tayari. Akisema "mhasibu" nitachukua karatasi yangu, nitarudi jikoni, na Jumatatu nitaipeleka hotelini hata bila mdhamini, wanifukuze wao, nisijifukuze mwenyewe. Yote hayo niliyapanga. Lakini moyo haukupangika. Ulikuwa umekimbilia pale kona ya kanisa, umejibana kwenye kioo cha gari, unamsihi. Bini, usinifute tena. Ukinifuta mara hii sitajiandika tena mbele yako.

"Gashe," Binyam akasema. "Uko naye hapo?"

"Nipo naye."

"Mwangalie mkono wa kulia, kwenye kifundo. Ana kovu?"

Gashe Worku akanitazama. Nikakunja mkono wa gauni, nikauinua. Niliuinua juu, wote waone.

"Analo."

"Basi ni huyo. Huyo aliyekuwa anapeleka injera Arat Kilo asubuhi, ananuka moshi, hana muda wa salamu. Nilikuwa nachelewa kazini makusudi ili nimwone anapita. Huyo mwingine simjui, Gashe."

"Binyam!"

"Mama, simjui huyo mhasibu wa matairi. Sijawahi kumpenda. Wewe umewahi kumwona?"

Gashe Worku hakukata simu. Aliiweka juu ya meza ya kahawa, akaikunja karatasi yangu palepale ilipokuwa imekunjwa, akajitengeneza shuka begani, akaanza upya.

"Ato Tessema. Weyzero Zenebech. Amani ya nyumba hii. Tumekuja tukiwa waombaji. Tuna kijana, Binyam Alemu. Nanyi mna binti, Mahlet Tessema, aliyewasha moto uani akailisha nyumba ya baba yake, akawafundisha kazi wengine wakajitegemea. Huyo ndiye tunayemwomba. Mtupe, au mtuambie turudi lini."

Baba akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Jibu nilikuwa nalo," akasema mwishowe. "Sasa naona si langu." Akanigeukia.

Walikuwa wananitazama wote, na simu mezani ilikuwa inapumua.

"Kaeni, wazee," nikasema.

Walikaa kwa mpigo, na magoti yao yakashukuru kabla ya vinywa. Mama akapiga vigelegele mpaka ubani ukatikisika. Kutoka mezani sauti ndogo ikauliza, "Mahlet? Na mimi je?"

"Wewe ingia ndani."

"Bwana harusi haingii siku ya kuomba!" mama akasema.

"Msichana naye haonekani, na mmeniona. Bini, njoo na kalamu."

Alikuja peke yake. Weyzero Almaz alibaki garini na vioo amevipandisha. Mama yangu, ambaye hajui kumwacha mtu na njaa hata awe adui yake, alimpelekea sahani huko huko, na baadaye sahani ilirudi tupu, bila salamu. Binyam akaingia amejiinamia, akawasalimia wazee, akambusu baba magoti, halafu akasimama mbele yangu hajui aweke wapi mikono. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimpenda mpaka nikaona aibu mbele za watu.

"Mahlet, nisa..."

"Fungua mdomo."

Nilichana injera, nikachota mchuzi, nikakunja tonge kubwa kuliko adabu inavyoruhusu. Akafungua. Nikalisukuma lote, vidole vyangu vikagusa midomo yake, na kabla hajaweza kumeza nikamwekea fomu ya udhamini juu ya meza, karibu na wasifu wangu, ukurasa ule wenye injera juu kabisa. Akaisoma. Akanitazama, mashavu yamejaa, hana nafasi ya neno hata moja. Akachomoa kalamu mfukoni, akasaini huku anatafuna.